Nani anakopa kwa jina lako?

Katika mazungumzo ya mitaani siku hizi pamezuka usemi ambao mwanaisimu hawezi kuupita bila kuutazama. Mtu aliyeshindwa kulipa mkopo husemwa kuwa "amewekwa CRB". Hebu tukiangalie kitenzi hicho kwa makini. Hatusemi kwamba ameandikwa, wala kwamba kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Tunasema amewekwa, kama vile tusemavyo kuwa fulani amewekwa ndani au amewekwa korokoroni. Kwa neno moja tu, daftari limegeuzwa kuwa gereza.

Usemi huo una madhara yake. Gereza ni mahali ambapo mtu mwaminifu haoni haja ya kwenda kuchungulia. Asiyekopa hujiambia kwamba mambo ya CRB hayamhusu. Aliyekopa akalipa hujiambia kwamba yeye ni safi. Naye aliyechelewa kulipa huona haya hata kulitamka jina lenyewe. Hivyo basi walimu na wanafunzi, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma, hukaa miaka na mikaka bila kuusoma hata mara moja ukurasa ulioandikwa kuwahusu wao wenyewe. Na katika kimya hicho ndimo anamojificha mwizi wa aina mpya, yaani mwizi wa utambulisho.

Mwizi wa kuku hukuachia banda tupu, nawe ukiamka asubuhi utajua kwamba umeibiwa. Mwizi wa utambulisho hakuachii pengo lolote. Kitambulisho chako kimo mfukoni, simu yako imo mkononi, na jina lako lingali lako. Ila mahali fulani yupo mtu ambaye amesajili laini ya simu kwa nambari yako ya kitambulisho, akafungua nayo akaunti ya pesa, akakopa, akatumia, kisha akaitupa laini hiyo. Pesa amekula yeye. Deni limebaki kwako.

Natunge mfano ili jambo hili lieleweke. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anawasili katika chuo kikuu kimojawapo cha eneo hili la Mlima Kenya. Katika wiki ya kwanza anatoa nakala ya kitambulisho chake kwa mwenye nyumba ya kupanga, anaandika nambari yake katika daftari la bawabu, anampa wakala wa simu kadi yake apigwe picha, na jina lake linasambazwa pamoja na nambari hiyo katika kundi la WhatsApp la darasa. Miaka minne baadaye amefuzu na amepata nafasi ya kazi. Mwajiri anamtaka alete cheti cha CRB. Hapo ndipo anapogundua kwamba ana deni la shilingi elfu kadhaa lililochukuliwa alipokuwa mwaka wa pili, kupitia nambari ya simu ambayo hajapata kuiona. Mwajiri ametoa siku saba, na kulisafisha jina kwahitaji muda mrefu zaidi ya huo. Kazi inakwenda kwa mwingine. Kisa hiki ni cha kubuni, lakini hakuna sehemu yake hata moja isiyoweza kutokea kesho hapa Skuta, au kule Karatina, Othaya, Nanyuki na Embu.

Kuna sababu inayotufanya sisi wa sehemu hizi tuwe na haja ya pekee ya kuwa macho, nayo imo katika majina yetu. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao hupewa majina ya nyanya zao kwa utaratibu uo huo. Kwa njia hii wazee hurudi duniani kupitia wajukuu, na ni desturi yenye maana kubwa. Lakini matokeo yake ni kwamba majina machache huzunguka daima. Mwalimu akiingia darasani akaita "Wanjiru", huenda wakasimama watatu. Akiita "Mwangi", huenda ikambidi aongeze jina la baba, na pengine hata hilo lisitoshe.

Zaidi ya hayo, majina yenyewe hayana tahajia moja. Lugha ya Kigikuyu ina irabu saba, lakini kitambulisho cha taifa huandikwa kwa alfabeti ya irabu tano. Kwa hiyo karani mmoja huandika Nderitu na mwingine Ndiritu. Huyu Mureithi, yule Muriithi. Huyu Gichuki, yule Gicuki. Katika familia moja, ndugu wawili waweza kuwa na tahajia mbili za jina moja la baba. Je, mwenye kukopesha atamtambuaje mmoja na mwingine? Kwa nambari. Katika daftari za benki na kampuni za simu, wewe si Wanjiru binti ya fulani wa kijiji fulani. Wewe ni tarakimu zilizoandikwa katika kadi yako. Kijijini jina ndilo lililomtambulisha mtu, na watu walilichunga. Katika uchumi wa leo kazi hiyo imehamia kwa nambari, ila sisi tungali tunaitoa ovyo kana kwamba haina thamani.

Tazama jinsi tunavyoitoa. Ukitaka kuingia katika jengo la ofisi mjini, bawabu hukufungulia daftari ambamo wageni wote waliotangulia wameandika majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu, wazi mbele ya kila ajaye baada yao. Ukienda saiba kupiga nakala, picha ya kadi yako yaweza kubaki katika kompyuta. Fomu za basari huandamana na nakala za vitambulisho vya wazazi, kisha hurundikwa ofisini bila kufuli. Kadi iliyookotwa hubandikwa katika kioo cha duka ili mwenyewe aione, na kila mpita njia huiona pia. Shuleni nako, orodha za wanafunzi, wazazi na walimu hupita kutoka simu hadi simu, na hakuna ajuaye mwisho wa safari yake.

Tena tusisahau methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Si kila mwizi wa utambulisho ni mgeni mwenye kompyuta katika chumba cha giza. Mara nyingine ni rafiki mnayelala naye chumba kimoja bwenini, ajuaye nambari yako ya siri kwa kuwa amekuona ukiibonyeza. Mara nyingine ni ndugu aliyekuomba umsajilie laini kwa jina lako kwa kuwa yeye amepoteza kadi. Hapo hata wizi haukuhitajika. Umemkopesha jina lako kwa hiari, nawe hujui atalirudisha likiwa katika hali gani.

Nchi yetu imekwisha kupata onyo kubwa. Katika mwezi wa Juni 2021, Wakenya walipopewa nafasi ya kuangalia kwa njia ya mtandao kama majina yao yamo katika orodha za vyama vya siasa, wengi walishangaa kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Msajili wa Vyama vya Kisiasa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data zilipokea malalamiko, na watu wakaelekezwa jinsi ya kujiondoa. Wengi walilichukua jambo hilo kama kichekesho cha siasa. Kwa maoni yangu halikuwa kichekesho hata kidogo. Lilikuwa ushahidi kwamba majina na nambari zetu za vitambulisho zilikuwa mikononi mwa watu tusiowajua, na kwamba tulilijua hilo siku tulipotazama tu. Ikiwa nambari yaweza kukuandikisha katika chama, kitu gani kitaizuia kukuandikisha katika deni?

Sasa tuiangalie CRB yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Herufi hizo tatu zasimama badala ya jina la Kiingereza la mashirika yanayohifadhi kumbukumbu za mikopo. Kanuni za kuyaongoza zilitungwa nchini mwaka wa 2008, zikaanza kutumika mwaka wa 2009, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka wa 2010. Yale yajulikanayo zaidi leo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hapo mwanzo benki zilipeleka habari za wasiolipa tu, na huenda ndiko usemi wa "kuwekwa" ulikoanzia. Lakini tangu kanuni za mwaka wa 2013, mashirika haya hupokea habari nzuri pia: nani amekopa, nani amelipa, na nani amelipa kwa wakati. Kwa hiyo aliyewahi kukopa benki au kwa simu, hata akiwa hana doa, ana ukurasa wake huko. Haifai tena kuuliza, "Je, nimewekwa CRB?" Swali linalofaa ni, "Ukurasa wangu unasema nini, nao unasema kweli?"

Ukubwa wa jambo hili waonekana katika tarakimu. Mnamo Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kuwapunguzia mzigo waliokopa kwa simu wakashindwa kulipa, wakopaji waliolengwa walikuwa takriban milioni 4.2. Katika msitu mnene kama huo, deni moja lililochukuliwa kwa jina la asiyehusika ni vigumu sana kuonekana na mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenye jina.

Utajuaje basi kwamba umeibiwa? Zipo dalili. Ya kwanza ni simu yako kupoteza mtandao ghafla, hali simu za wenzako hapo ulipo zingali zinafanya kazi. Yawezekana kuwa laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Mhalifu mwenye nambari yako ya simu, nambari ya kitambulisho na habari nyingine chache zikuhusuzo, humdanganya wakala au mhudumu kwamba yeye ndiye wewe na kwamba amepoteza simu. Laini ikishahamia kwake, hubadilisha nambari ya siri, huondoa akiba, kisha hukopa kila mkopo ambao simu hiyo yaruhusiwa kukopa. Ukiona dalili hiyo usingoje hadi kesho. Azima simu nyingine wakati huo huo uiarifu kampuni yako ya simu, na benki yako pia.

Dalili ya pili ni ujumbe wenye nambari ya uthibitisho ambayo hukuiomba, hasa ukifuatwa na simu ya mtu mwenye sauti ya upole anayekuomba umsomee nambari hiyo. Nambari hiyo ni ufunguo wa mlango wako. Hakuna mfanyakazi wa halali anayehitaji kuiomba. Dalili ya tatu ni kiwango chako cha mkopo wa simu kushuka au kufutwa bila sababu. Ya nne ni kudaiwa na kampuni usiyoijua. Ya tano yawahusu walimu hasa: makato usiyoyatambua katika hati yako ya mshahara. Wengi wetu huangalia tarakimu ya mwisho tu, ile ya pesa zitakazofika benki, wala hatuipitii hati mstari kwa mstari. Mwalimu asahihishaye insha arobaini kwa usiku mmoja bila kuacha kosa la koma hata moja hashindwi kuisoma hati yake mwenyewe kwa dakika tano kila mwezi.

Lakini dalili hizi zote zaweza kukosekana, na hapa pana mtego ambao wengi hawautambui. Sheria humtaka mwenye kukopesha amwarifu mteja kabla ya kupeleka habari mbaya juu yake kwa CRB. Hilo ni jambo jema. Ila arifa hutumwa wapi? Hutumwa kwa nambari ya simu iliyotolewa wakati wa kukopa. Ikiwa aliyekopa ni mwizi, basi nambari ni ya mwizi, na onyo lililokusudiwa kukulinda humfikia yeye! Wewe huletewi lolote. Ndiyo maana nasema kwamba kungoja kuarifiwa si kinga. Kinga iliyopo ni kwenda kuuliza mwenyewe.

Na kuuliza hakugharimu kitu. Kanuni za mikopo zimempa kila mteja haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Kwa kuwa mashirika ni zaidi ya moja, mtu mwenye busara aweza kupanga zamu: mwezi wa Januari aombe kwa shirika moja, Mei kwa la pili, Septemba kwa la tatu. Walimu wataona kwamba miezi hiyo huenda sambamba na mihula mitatu ya shule, na kwa hiyo ni rahisi kuikumbuka. Ombi lipelekwe kwa shirika lenyewe, kwa anwani na nambari lilizotangaza lenyewe. Asikudanganye mtu aliyekutumia ujumbe wa kuahidi "kukutoa CRB" kwa shilingi mia tano; huyo anataka nambari ya kitambulisho chako na pesa zako kwa pamoja.

Ripoti ikifika, isome kama usomavyo barua ya urithi. Anza na jina: je, tahajia ni yako, au ni ya Ndiritu mwingine? Tazama nambari ya kitambulisho, tarakimu kwa tarakimu, na tarehe ya kuzaliwa. Tazama nambari za simu zilizoorodheshwa. Nambari usiyoijua ni alama ya nyayo za mwizi. Kisha pitia kila akaunti: nani alikopesha, lini, kiasi gani, na hali ya malipo ikoje. Tazama pia orodha ya waliouliza habari zako. Ukiona kampuni ambayo hukuiomba mkopo imekuwa ikiulizia, huenda kuna mtu aliyekuombea bila wewe kujua. Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa, na habari mbaya huweza kukaa katika kumbukumbu miaka 5 baada ya deni kumalizwa. Miaka mitano ni mingi katika maisha ya kijana anayeanza kazi.

Ukikuta kosa, usilipe deni lisilo lako ili tu "yaishe". Najua kishawishi hicho. Deni ni dogo, haja ni kubwa, na muda ni mfupi. Lakini kulipa ni kukiri, na mwizi ataona kwamba shamba hilo lina rutuba. Andika malalamiko kwa shirika la CRB na kwa aliyekopesha, ukieleza kwamba mkopo huo si wako, na uhifadhi nakala. Nenda kituo cha polisi upige ripoti na upewe nambari ya kumbukumbu, kisha uiambatishe. Kanuni hulitaka shirika lichunguze dai la mteja, na lirekebishe au liondoe habari isiyo ya kweli. Likisitasita, ipo Benki Kuu iliyolipa leseni. Na ikiwa habari zako zilitumiwa bila idhini, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kujua ni habari gani zako zimehifadhiwa na haki ya kutaka za uongo zisahihishwe. Kamishna wa Data hupokea malalamiko, na sheria humtaka ayakamilishe katika siku 90. Aliyetumia nambari ya siri au alama nyingine ya pekee ya mtu mwingine kwa udanganyifu naye atakumbana na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya mwaka wa 2018, ambayo adhabu yake kwa kosa hilo ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kuna kinga nyingine ndogo zisizogharimu kitu. Wateja wa Safaricom wakibonyeza *106# huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa nambari zao za vitambulisho, na kuzikana zile wasizozijua. Wakibonyeza *100*100# huweza kuzuia laini yao isihamishwe na wakala yeyote tu. Nakala ya kitambulisho unapolazimika kuitoa, andika juu yake kwa wino sababu ya kuitoa na tarehe, kwa mfano "Kwa ajili ya kupanga nyumba tu", ili isifae kwa kazi nyingine. Na nambari ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, ambao umeandikwa katika kadi hiyo hiyo.

Sasa nizungumze na walimu wenzangu. Sisi si watu wa kuibiwa tu. Sisi pia ni watunzaji wa hazina ya wengine. Shule hukusanya majina, picha, vyeti vya kuzaliwa na nambari za simu za mamia ya familia. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi tatu kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa shule, ambayo ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nyingine ilikuwa kampuni ya mikopo ya mtandaoni iliyotumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Shule ndiyo iliyotozwa faini kubwa kuliko zote. Funzo ni kwamba sheria haitamwonea mwalimu huruma ati kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Orodha yenye nambari za vitambulisho haipaswi kubandikwa ubaoni wala kurushwa katika makundi ya simu, na fomu za zamani hazipaswi kuishia kufungia mandazi.

Tena katika mtaala wetu tunamfundisha mwanafunzi kuandika barua ya kuomba kazi, tawasifu na wasifukazi. Hayo ni maandishi ambayo mtu hujieleza mwenyewe. Lakini zama hizi zimeleta maandishi ya aina nyingine, ambamo mtu huelezwa na wengine asipokuwapo. Mwanafunzi afikishaye miaka 18 hupewa kadi, na kwa kadi hiyo hupewa uwezo wa kukopa kabla hajafundishwa kusoma kumbukumbu ya mkopo. Kipindi kimoja tu katika muhula wa mwisho wa kidato cha nne kingetosha kumfundisha maana ya ripoti hiyo, na somo hilo lingeweza kuingia vizuri katika ufahamu wa Kiswahili kama liingiavyo katika hesabu.

Yamenijia haya nikikumbuka historia ya mahali hapa. Chini ya sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, karatasi iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, na mwajiri alipaswa kutia sahihi ndipo mtu awe huru kuondoka kazini. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho mwaka wa 1921 na 1922, na hakikuondolewa hadi mwaka wa 1947. Ubaya wake haukuwa uzito wa chuma peke yake. Ubaya wake ulikuwa kwamba mtu alibeba shingoni maelezo juu yake mwenyewe ambayo wengi hawakuweza kuyasoma, na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyasahihisha.

Wajukuu wa wazee hao leo wana kumbukumbu nyingine inayowafuata kila waendako, isiyoonekana shingoni, lakini yenye nguvu ya kufunga mlango wa kazi, wa nyumba na wa biashara. Tofauti ni kwamba wao wanajua kusoma, na sheria imewapa haki ya kuiona na haki ya kuipinga. Wazee walinyimwa haki hizo mbili; sisi tumepewa, na tumeziacha zikae bure kwa sababu ya aibu iliyozaliwa na kitenzi kimoja.

Basi tuanze kwa kukibadilisha kitenzi. Tuache kusema "kuwekwa CRB", tuseme "kuisoma CRB". Kisha tuisome kweli, kila mmoja wetu, kabla ya muhula huu kwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa aina hii hauonekani kwa jirani wala kwa mwajiri hadi ukuta umekwisha kuanguka. Anayeweza kuuona mapema ni mwenye nyumba, naye hana budi kuingia ndani akatazame.